Desktopu imezeeka: ubadilishe prosesa ama uachane nayo?

Kama uko na ile desktopu ya ex-UK, tuseme HP EliteDesk 800 G1 ama Dell OptiPlex 9020, zile zilizojaa kwa maofisi na saiba za mtaani, na siku hizi inajikokota tu, usipande matatu ya tao kutafuta prosesa kubwa ya Intel i7 kabla hujajua ni kitu gani hasa kinakuchelewesha. Mara nyingi prosesa inasingiziwa bure na mwenye makosa ni hadi diski (hard disk), ile diski ya zamani inayozunguka.

Kwa hivyo anzia hapo. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ifunguke, nenda kwa Performance halafu ufanye ile kazi inayokuudhi, usiangalie mashine ikiwa imekaa tu maana haitakuambia kitu. Diski ikiwa imeganda kwa asilimia 100 na prosesa iko 20 ama 30, jibu ushapata, nunua SSD ya SATA, yaani diski ya kisasa yenye mbio inayochomekwa kama ile ya zamani, uhamishie Windows huko na hii stori ya prosesa uiweke kando. Unaweza weka i7 juu ya hadi diski ya zamani na bado uende kupika chai ukingoja iwake. Kama memori ndiyo imejaa, uko na 4GB na Chrome ina tabo ishirini, basi ongeza RAM, na ukiongeza tafuta vijiti viwili vinavyofanana kuliko kimoja kikubwa kwa sababu prosesa inavisoma vyote viwili kwa pamoja, na kama hauna kadi ya grafiksi hiyo tofauti utaiona.

Sasa tuseme si diski, si RAM. Hapa ndio wengi huharakisha. Ile grafu moja ya prosesa inaficha mambo, ibonyeze na kitufe cha kulia cha mausi, ingia Change graph to, chagua Logical processors, utaona kila kiini (core) kivyake. Chukua i5-4570, iko na viini vinne bila thredi za ziada, yaani kila kiini kinashika kazi moja tu kwa wakati, kwa hivyo programu inayotumia kiini kimoja tu ikikibana mpaka mwisho, grafu ya jumla itakuonyesha karibu 25 na wewe utadhani prosesa imepumzika. Hapo kuongeza viini hakusaidii, unahitaji kiini chenye mbio zaidi, na ukitoka i5-4570 inayofika 3.6GHz uende i7-4790 inayofika 4.0GHz umeongeza kitu kama asilimia 11, na hiyo kwa macho huioni. Lakini kama vyote vinne vimejaa, labda unaeditia video za harusi ama unaendesha mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta) kadhaa kwa sababu ya shule, hapo i7 yenye thredi nane itakusaidia kweli. Usitarajie mara mbili lakini, viini bado ni vinne vilevile.

Na kabla ya kununua chipu yoyote pima joto. Hii Nairobi ina vumbi, na mashine iliyokaa miaka kumi bila kufunguliwa pasta yake ya joto ishakauka ikawa kama chaki, prosesa ikikaribia nyuzi 100 inajipunguza mbio yenyewe isiungue. HWMonitor ni ya bure na itakuonyesha. Puliza vumbi, futa ile pasta ya zamani na spiriti, weka mpya kidogo tu katikati. Kuna mashine hurudi kuwa nzuri hapo hapo na kesi ikaishia hapo.

Bado unataka kubadilisha? Sawa, angalia soketi, pale prosesa inapokaa kwa bodi. Programu ya CPU-Z itakuambia jina la chipu (ndiyo prosesa), soketi na madabodi. Intel kizazi cha pili na cha tatu wako LGA1155, cha nne, kama hiyo i5-4570, LGA1150, hawaingiliani kabisa. Mtego mbaya uko kwa LGA1151, kizazi cha sita na cha saba wanatumia hiyo na cha nane na tisa pia wanaitumia, chipu inakaa vizuri kabisa kwa soketi lakini bodi ya kizazi cha sita haiwashi i5-8500. Muuzaji akikwambia "soketi ni moja, itaingia tu", mwambie aiwashe ukiona. Na hata kwa LGA1150 kuna bodi zinataka bayosi (BIOS, programu ya bodi inayowasha mashine) mpya ndio zitambue i7-4790, kwa hivyo fanya apdeti ukiwa bado na chipu ya zamani ndani, na usiifanye jioni ile stima inapotea potea.

Wenye prosesa za AMD za soketi ya AM4 nyinyi mna bahati, kusema ukweli. Mtu aliyenunua bodi ya B350 mwaka 2017 na Ryzen 3 1200, mara nyingi anaweza kuweka Ryzen 5 5600 yenye viini sita na thredi 12, bora watengenezaji wa hiyo bodi wametoa bayosi yake, angalia kwa tovuti yao. Kitu kimoja tu, 5600 haina grafiksi za ndani, bila kadi skrini itabaki nyeusi. Kama hauna kadi chukua 5600G.

Halafu kuna Windows. Windows 10 ilimaliza muda wake wa kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka Intel kizazi cha nane kwenda juu, ama Ryzen 2000 kwenda juu, pamoja na TPM 2.0, kifaa cha usalama ndani ya mashine. Hakuna chipu ya LGA1150 itakayokupeleka huko kirasmi, hata i7 kubwa ya mwisho. Kwa hivyo pesa ya i7-4790 ni pesa ya kusukuma siku kwa mashine ambayo ama utaihamishia Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, ama utaibadilisha tu. Mimi kipimo changu ni hiki: uliza bei ya hiyo chipu, ongeza pasta na pesa ya fundi, halafu uliza bei ya desktopu ya kizazi cha nane iliyotumika, kama EliteDesk 800 G4 yenye i5-8500, utoe ile pesa utapata ukiuza ya zamani. Kama chipu inakula zaidi ya theluthi ya hiyo tofauti, achana nayo, chukua ile nyingine. Hiyo i5 ina viini sita kamili na inapita i7 ya kizazi cha nne bila jasho.

Ukienda kununua chipu iliyotumika pale Luthuli ama Moi Avenue, beba mashine yako. Iwekwe hapo, ingia bayosi uone jina lake, iache ifanye kazi nzito kidogo huku unaangalia joto, ndio utume M-Pesa. Chipu ya AM4 ina pini chini yake, igeuze uangalie kama kuna iliyopinda. Za Intel pini ziko kwa bodi, kwa hivyo hapo mwangalie fundi anavyoishusha. Na ile ya zamani usiiache kwa meza, wengine wanaikubali kama sehemu ya malipo, lakini uliza kabla hujalipa.