Namna ya kumfundisha mtoto mwandiko wa kuunganisha nyumbani, manake shule nyingi hazina muda

Mi nipo upande wa wanaosema shule ziendelee kufundisha mwandiko wa kuunganisha, na sababu yangu si uzuri. Mtihani wa kidato cha nne bado unaandikwa kwa peni, karatasi nyingi ni masaa 3, na jirani zetu Kenya insha ya Kiswahili ya KCSE, yaani mtihani wao wa kumaliza sekondari, ni saa 1 na dakika 45. Mtoto anayenyanyua peni kila baada ya herufi moja anachoka mapema, na akichoka anaanza kukata majibu, anaandika mistari miwili mahali pa sita wakati jibu lote analo kichwani. Hiyo inauma sana kuiona.

Wenzetu nao wanavutana. Marekani viwango vya masomo vya Common Core vya 2010, vilivyopokelewa na majimbo mengi, havikuuweka mwandiko huu kabisa, baadae majimbo mengi yakaurudisha, California ilipitisha sheria 2023 kwamba ufundishwe kuanzia darasa la kwanza mpaka la sita. Finland ndo waliondoa ulazima wake 2016. Kuna utafiti wa chuo kikuu cha NTNU Norway wa Januari 2024, walipima ubongo wa wanafunzi 36 wakaona anayeandika kwa mkono sehemu za ubongo zinawasiliana zaidi kuliko anayebofya kibodi, ila tusidanganyane, ule ulilinganisha mkono na kibodi, haukulinganisha kuunganisha na herufi za mojamoja. Kwa hiyo mtu asikuambie sayansi imeshamaliza mjadala.

Sasa tufanye kazi.

Kwanza usianze mapema. Mtoto asome na kuandika vizuri herufi za mojamoja kwanza, vitabu vyake vyote vimechapwa hivyo. Ufaransa wanaanza kuunganisha mtoto ana miaka 6 na inawatokea, lakini wao kuanzia mwalimu hadi mzazi wote wanaandika hivyo, na wana karatasi maalum za Seyès zenye vimistari kila milimita 2. Sisi huku mwisho wa darasa la pili au la tatu ni sawa kabisa, kama KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) imekaa.

Vifaa ni penseli laini, raba na daftari la mwandiko la mistari minne, ukilikosa chukua daftari lolote na rula uchore mwenyewe. Peni isubiri. Penseli ishikwe kwa vidole vitatu, isibanwe, ukiona kucha zimekuwa nyeupe anabana. Daftari lisikae wima mbele yake, lilazwe kidogo, wa mkono wa kulia alilaze kuelekea kushoto, na wa mkono wa kushoto alilaze kuelekea kulia halafu ashike penseli juu kidogo ili aone anachoandika. Na tafadhali sana mtoto wa kushoto mwache na kushoto kwake, kumchapa ili ahamie kulia ni kumtesa bure.

Herufi usizifuate a mpaka z. Zifundishe kwa ukoo, yaani zile zinazoandikwa kwa mwendo mmoja wa mkono. Anza na i, u, t, ambazo mstari unapanda unashuka basi. Halafu a, d, g, o, c, hizi zote zinaanza kwa kuzunguka kuelekea kushoto, akishaijua a ameshazijua zote nusu. Halafu n, m, p zenye mgongo, halafu e, l, h, b, f, k zenye kitanzi. Zilizobaki, yaani j, r, s, v, w, y, z, ziingie mojamoja akishazoea. Q na x ziache mwisho kabisa, Kiswahili hakina kazi nazo, atazikuta kwenye Kiingereza. K ndo ngumu kuliko zote na bahati mbaya ndo tunayoitumia kupita kiasi, ku- ki- ka- kwa, kwa hiyo ipe siku zake yenyewe, usiipitishe juujuu.

Ukishamaliza herufi tatu nne tu ingia kwenye maneno, usisubiri zote. Hapa Kiswahili kinatusaidia kweli, maneno yetu yanaisha kwa irabu, kwa hiyo mikia ya a, e, i, o, u ikikaa vizuri karibu kila neno linaisha vizuri. Tita, tatu, dada, atauita, baadae mama, nina, nanenane. Neno moja mstari mzima, halafu mtoto mwenyewe achague lililotoka vizuri zaidi alizungushie duara. Wewe usichague, macho yake ndo yanatakiwa yajifunze.

Mahali ambapo watoto karibu wote wanakwama ni kwenye o, v na w. Herufi nyingine nyingi mkia unatokea chini kwenye mstari, hizi tatu mkia unatokea juu. Mtoto akiandika "wa" anamaliza w juu, halafu anaushusha mkia mpaka chini ndo aanze a, matokeo yake kunatokea kitu kama "ua", na "vi" inageuka "ui". Na angalia lugha yetu ilivyojaa hizo, watoto, vitabu, wewe, walioa, mwovu. Dawa yake ni kuandika wa, we, wi, vi, vu, oa pekee yake, ukimwambia "pitia juu, usishuke" kila anapofika hapo, polepole, mpaka mkono ukumbuke wenyewe. Ukishinda hapa umeshinda vita, kwingine kote ni mazoezi tu.

Halafu ng'. Ng'ombe, ng'ambo, kang'ata. Alama ile ya juu asisimame katikati kuiweka, aandike neno lote kwanza halafu arudi kuweka, kama anavyorudi kuweka nukta ya i na kukata t. Herufi kubwa zisikusumbue, aandike za kawaida tu, nyingi si lazima ziungane na inayofuata, isipokuwa ile ya jina lake, hiyo atataka ipendeze na apendezeshe anavyotaka.

Kama mtoto wako anaenda madrasa, una mtaji tayari. Herufi za Kiarabu zinaungana tangu zamani na zinabadilika umbo kulingana na kama zipo mwanzo, katikati au mwisho, na anajua kabisa kwamba alif, dali na wau haziungi mbele. Mwambie huku ni vilevile, ila tunatoka kushoto kwenda kulia. Anaelewa fasta kuliko maelezo yako yote, na Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi hizo kwa karne nyingi kule pwani kabla ya hizi za kirumi, mwambie na hilo, watoto wanapenda.

Dakika 10 kwa siku zinatosha, zikizidi hapo mkono unachoka na mwandiko unaharibika, na kuharibika nako kunazoeleka. Usimuadhibu kwa mwandiko. Mtoto akipigwa fimbo za vidole kisa herufi mbaya anaanza kuogopa daftari lenyewe, halafu tunashangaa hapendi kuandika insha. Walimu wenye darasa lililojaa siwalaumu, hawawezi kumwinamia kila mtoto kuangalia anaanzia wapi a yake, ndo maana hii kazi nyumbani inasaidia sana, manake wewe unaangalia mkono ukitembea, mwalimu anaona karatasi iliyokwisha andikwa.

Baada ya muda mpime. Mpe aya fupi ya kitabu anachokijua, anakili dakika 3 kwa herufi za mojamoja, apumzike, anakili tena dakika 3 kwa kuunganisha, hesabuni maneno pamoja. Mwanzoni kuunganisha kutakuwa nyuma, ni kawaida, rudieni mwezi unaofuata. Ukiona anaanza kuchanganya, nyingine anaunga nyingine anaachia, usimrudishe, watu wengi wanaoandika haraka wanaandika hivyohivyo. Maneno yakiongezeka na mtu mwingine nyumbani akaweza kuyasoma bila kuuliza, mpe peni.