Atlasi ya gamba la ubongo: hamisha kwanza ndo ujaze

Wale wa UDOM na wengine hapa Dodoma mnaotumia FreeSurfer (programu ya kuchambua picha za MRI za ubongo), mkitaka ujazo wa maeneo ya ubongo (yaani picha ya 3D yenye majina ya maeneo) kutoka atlasi ya gamba, ramani ya tabaka la nje la ubongo, kama ile ya Glasser ya 2016 yenye maeneo 180 kila upande, msibandike tu ile iliyokwishageuzwa ujazo wa MNI (ubongo wa mfano unaotumika kama kiwango). Hamisha kwanza atlasi toka fsaverage (uso wa ubongo wa wastani wa FreeSurfer) kwenda kwa mtu mwenyewe kwa mri_surf2surf, kushoto na kulia kila upande peke yake, halafu ndo upige mri_aparc2aseg ukiitajia hiyo annot (faili la majina ya maeneo juu ya uso). Inakubali kwa sababu mikunjo ya kila mtu ni yake, na hiyo amri inajaza vokseli (vijisanduku vya picha ya 3D) za gamba tu, kila moja inachukua jina la nukta ya uso iliyo karibu nayo, kwa hiyo eneo halirukii mkunjo wa jirani. Ukipeleka kwenye picha za fMRI weka nearest (inachukua namba ya vokseli ya karibu), sio trilinear (inachanganya namba za jirani)!! namba zikichanganywa zinazaa eneo ambalo halipo, na hili watu wanalipita sana. Inagoma pale recon-all (amri ya FreeSurfer inayochora uso wa ubongo) ilipokosea uso, mfano mgonjwa ana uvimbe, kiharusi, au alitikisika akipigwa picha, so fungua freeview (kionyeshi cha picha cha FreeSurfer) uangalie kwanza. Vokseli za milimita 3 au 4 nazo zinasumbua maana gamba lenyewe unene wake ni kama milimita 2 mpaka 4 tu.