Umeumia kwa uzembe wa kitabibu? Anzia kwenye faili

Matibabu kushindwa peke yake si uzembe. Lazima uonyeshe kwamba mtoa huduma alifanya kazi chini ya kiwango cha taaluma yake, na kwamba kosa hilo ndilo lililokuumiza, si ugonjwa wenyewe. Hapo penye kuunganisha kosa na madhara ndipo kesi nyingi hufia, kwa sababu ushahidi haukutunzwa.

Kwa hiyo andika barua kwa mganga mfawidhi ukiomba nakala ya faili: maelezo ya daktari, majibu ya maabara, fomu ya ridhaa ya upasuaji, karatasi ya ruhusa ya kutoka hospitalini. Baki na nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa. Kwenye daftari andika saa, dawa, dozi na jina lililokuwa kwenye beji. Kisha kapate maoni ya daktari bingwa wa hospitali nyingine. Bila yeye, wakili hana pa kushika. Ikiwa mgonjwa amefariki, tafadhalini, ombeni uchunguzi wa mwili kabla ya kusafirisha msiba kwenda kijijini.

Malalamiko ya kinidhamu dhidi ya daktari hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Ya muuguzi, Baraza la Uuguzi na Ukunga. Fidia hudaiwa mahakamani, ndani ya miaka 3. Hospitali ikiwa ya serikali, tanguliza notisi ya siku 90, yaani taarifa ya maandishi kwamba unakusudia kushtaki, nakala kwa Mwanasheria Mkuu. Usisaini makubaliano yoyote ya "kumaliza" kabla wakili hajayasoma.