Kabla ya Kushangilia Jeshi la Pamoja: Mambo ya Kuzingatia

Majirani wakitishiwa usalama, neno la kwanza kutamkwa ni umoja. Kabla hujalipigia makofi, kagua haya.

Fedha: ijulikane nani atawalisha askari mwaka wa pili. Muda: tarehe ya kuondoka iandikwe kabla ya wao kuingia.

Adui: hapa ndipo nilipoungua. Hakikisha wote wanamtaja adui yuleyule. Novemba 2022 nilikuwa Goma, mashariki mwa Kongo, kufuata vitenge wakati wanajeshi wa Kenya walipotua kwa niaba ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo ilikuwa imekamilisha kujiunga nayo Julai ya mwaka huohuo. Mama mwenye duka alinifungia robota langu huku akisema kwamba sasa waasi wa M23 watapigwa, na Kinshasa nayo ilitarajia hivyohivyo. Kumbe waliotuma askari walijiona ni watu wa kusimama katikati na kupokea maeneo ambayo waasi wangeyaachia, kama ilivyofanyika Kibumba mwezi Desemba, huku Rwanda, ambayo Kinshasa inaituhumu kuwasaidia waasi hao nayo inakanusha, ikiwa mwanachama mwenzao katika Jumuiya hiyohiyo. Niliporudi Februari nilikuta mawe yamepangwa barabarani na watu wakilikataa jeshi walilolilaki. Mama yule alinihudumia mlango ukiwa nusu wazi, na bei alinitajia mara moja tu, wala hakutaka mazungumzo.

Kufikia Desemba 2023 jeshi hilo lilikuwa linafungasha, na Kongo ikawakaribisha askari wa SADC, yaani Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, ambako Rwanda si mwanachama. Tanzania, iliyomo katika jumuiya zote mbili, ilipeleka askari wake kwa mlango huo wa pili. Kwa hiyo tishio lililotarajiwa kuwaunganisha majirani liliwapa sababu ya kuchaguana, na hilo, kwa maoni yangu, lingeonekana tangu mwanzo kama kuna mtu angeuliza: tunampiga nani?

Mipaka: usiiamini kwa sababu tu mkataba umesema iko wazi. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024 baada ya shambulio la waasi wengine, wanaoipinga Burundi yenyewe na ambao inadai Rwanda inawasaidia, na mwenye mzigo upande wa pili hakuulizwa. Basi usiweke mali yote upande mmoja, gawanya fedha mifuko miwili, kadi ya homa ya manjano iwe karibu, na taarifa ya habari isikilizwe kabla ya kupakia gari, si likiwa njiani.