Namna ya Kupata Kanuni za Krediti za A-Level, IB na AP kwa Maandishi Kabla ya Kulipa Karo

Wanafunzi wengi wa Nairobi wanaofanya mitihani ya sekondari ya A-Level (ya mfumo wa Uingereza), IB (International Baccalaureate, ya kimataifa) au AP (Advanced Placement, ya Marekani) huambiwa kwamba alama nzuri zitawapunguzia hadi mwaka mzima wa masomo watakapojiunga na chuo kikuu, hasa cha Marekani. Ahadi hiyo huwa kweli katika chuo kimoja na isiwe kweli katika chuo jirani, na hata ndani ya chuo kimoja hutofautiana kati ya kitivo na kitivo. Kwa familia inayolipa karo kwa dola kutokana na mapato ya shilingi, jambo hili ni zito mno kuachiwa maneno ya mdomo ya ajenti au ya afisa wa chuo kwenye maonyesho ya elimu.

Kwanza elewa ni nini hasa unachopewa. Shahada ya kwanza ya Marekani kwa kawaida huhitaji krediti 120 hivi, yaani vipimo vya kozi ulizokamilisha, na kozi moja ya muhula huwa na krediti 3 au 4. Alama yako ya sekondari inaweza kukuletea krediti inayochukua nafasi ya kozi mahususi, au krediti huria isiyolingana na kozi yoyote, au ruhusa tu ya kuanzia kozi ya juu zaidi bila krediti hata moja. Mambo haya matatu hutajwa kwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja, na hapo ndipo familia nyingi huumia. Chukua mfano wa mwanafunzi anayekwenda kusomea uhandisi akiwa na alama ya A katika Kemia ya A-Level. Jedwali la chuo linaonyesha krediti 8, naye anafurahi. Lakini katika safu ya kozi inayolingana pameandikwa "krediti huria", si Kemia ya mwaka wa kwanza. Mwanafunzi huyo atarudia Kemia yote darasani na kuilipia, na krediti zake 8 hazitapata pa kukaa, kwa sababu mpango wa masomo ya uhandisi huacha nafasi chache sana za masomo ya hiari. Kwa hiyo ukilifungua jedwali, soma safu ya kozi kabla ya safu ya idadi.

Jedwali lenyewe litafute katika tovuti ya msajili wa chuo, kwa kuwa msajili ndiye anayeingiza krediti kwenye rekodi ya mwanafunzi, ilhali afisi ya udahili kazi yake kubwa ni kuvutia waombaji. Kwa mitihani ya AP, ambayo hupimwa kwa alama 1 hadi 5, College Board, shirika la Marekani linaloandaa mitihani hiyo, inaendesha tovuti inayokuwezesha kutafuta masharti ya kila chuo. Hata hivyo, thibitisha kwa chuo chenyewe. Tofauti ni kubwa: vyuo vya umma vya jimbo la Illinois vinabanwa na sheria kutoa krediti kwa alama 3 na zaidi, ilhali Dartmouth, chuo cha binafsi, iliacha kutoa krediti za AP kuanzia kwa wanafunzi waliojiunga mwaka wa 2014. Kwa upande wa IB, yenye alama 1 hadi 7 kwa kila somo, vyuo vingi hutazama masomo ya Higher Level (ngazi ya juu) pekee.

Usipoliona jedwali, au likiwa na mapengo, mwandikie msajili barua pepe. Uliza kwa namna isiyoweza kujibiwa kwa ujumla: "Nina alama A katika Kemia ya A-Level ya Cambridge na ninaomba kusomea uhandisi. Je, nitapewa krediti ngapi, zitachukua nafasi ya kozi ipi kwenye mpango wa masomo ya uhandisi, na kanuni hii itaendelea kunihusu ikibadilika kabla sijajiunga?" Jibu la kwamba kila ombi huangaliwa kivyake si jibu. Mzazi ana haki ya kujua anachonunua, na chuo ambacho hakiwezi kueleza kanuni zake kwa maandishi kabla ya kupokea fedha hakimtendei haki. Andika tena, na umwombe mkuu wa idara husika athibitishe. Jibu likija, lihifadhi pamoja na nakala ya jedwali yenye tarehe, kwa maana majedwali haya hubadilishwa mwaka hadi mwaka.

Kwa wanafunzi wa A-Level kuna ugumu wa kalenda. Matokeo ya Cambridge ya mitihani ya Mei na Juni hutoka Agosti, na vyuo vingi vya Marekani hufungua mwishoni mwa mwezi huohuo, baada ya kozi kuchaguliwa. Uliza mapema jinsi ya kujisajili ukiwa ungali unasubiri matokeo, na iwapo karatasi ya matokeo itakubaliwa kabla cheti hakijafika.

Kwa chuo kikuu cha umma cha Kenya, una silaha ya kisheria. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza. Eleza unachotaka, kwa mfano mwongozo unaotumiwa kusamehe kozi kwa wenye IB au A-Level, na utaje sheria hiyo. Chuo kinatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 21. Kikinyamaza au kikikataa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huijua kama afisi ya Ombudsman.

Ukishajiunga, omba rekodi yako katika wiki ya kwanza na uilinganishe na barua uliyohifadhi. Ikiwa kozi uliyoahidiwa kusamehewa ingali kwenye orodha yako, mpelekee msajili barua hiyo kabla ya tarehe ya mwisho ya kubadilisha kozi, kwa kuwa baada ya hapo vyuo vingi hurudisha sehemu tu ya karo, au havirudishi chochote.