SOMO: Kubandua stempu za maua-pori kwenye bahasha

Wakuu, nimechoka kujibu swali hili kila wiki. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

1. Kata bahasha kuizunguka stempu, acha sentimita moja kila upande. Usiguse meno, yaani vidato vya ukingoni mwa stempu.

2. Tenga zile zilizo kwenye bahasha za rangi. Hapa soma polepole. Nilikuwa naikusanya ile seti ya Marekani ya 1992, stempu 50 za senti 29, kila moja na ua lake la porini. Jioni moja nikatumbukiza kadhaa kwenye beseni moja, mojawapo ikiwa kwenye kipande cha bahasha nyekundu ya Krismasi. Simu ikaita. Kurudi, maji yamekuwa ya waridi, na ua moja jeupe limekuwa la waridi mpaka kwenye meno. Nikabadilisha maji mara tatu, wapi! Basi: bahasha nyekundu au zambarau, kila kipande na bakuli lake, maji ya baridi, na usibanduke hapo. Muhuri wa zambarau nao huchuja.

3. Zilizobaki: maji ya vuguvugu, uso juu, dakika 15 hadi 30. Usivute. Ikiwa tayari itateleza yenyewe.

4. Suuza gundi ya nyuma. Shika kwa kibano butu, si kwa kucha.

5. Laza kifudifudi kwenye karatasi ya kunyonya maji. Ikishakauka, ikandamize ndani ya kitabu kizito.

Stempu ambayo haijatumika USIILOWEKE. Gundi yake ni sehemu ya thamani yake.

MASWALI

Mgeni22: Mkuu, niloweke dakika ngapi?
— Hatua ya 3.

Mgeni22: Nimeloweka masaa matatu, haitoki.
— Ya kulamba au ya stika? Hukusema. Stika nyingi za Marekani za miaka hii hazitoki kwa maji. Kata karatasi vizuri, uihifadhi nayo.

Bingwa_wa_Posta: Mtaalamu gani anaharibu seti yake mwenyewe?
— Yule anayekueleza ili usiharibu yako. Tuonyeshe yako.

Kipepeo: Nitajuaje ua ni la porini na si la bustani?
— Swali zuri hili. Soma maandishi madogo, mara nyingi kuna jina la kisayansi. Rosa canina ni waridi-mwitu. Jina hilo likifuatiwa na jingine ndani ya alama za nukuu, hiyo ni aina iliyozalishwa na watu. Mimi huiweka kando. Halafu jaribu kupanga kwa familia ya mimea badala ya nchi, utashangaa. Edelweiss ya milimani inakaa ukurasa mmoja na alizeti! Zile “petali” zake nyeupe ni majani yenye manyoya. Maua yenyewe ni yale madogo ya katikati.

Kipepeo: Kumbe! Albamu ya picha inafaa?
— Kama ni ya PVC, hapana. Plastiki hiyo hutoa kemikali, na stempu huharibika taratibu.

Mzee_Kibano: Kwenye hatua ya 2 ongeza na za Uingereza za miaka ya 1880, zile za kijani na zambarau. Maji yanakula rangi.
— Kweli, mzee wangu. Wino ule ulitengenezwa makusudi uchuje, mtu asifute muhuri na kuitumia stempu tena. Ila humo hakuna ua, ni kichwa cha malkia tu.