Mfano wa kichwa cha treni ya dizeli kwa kipimo cha 1:22.5

Reli ya Tanga ni ya geji (upana kati ya reli mbili) ya mita 1. Ukigawanya kwa 22.5 unapata milimita 44.4, kwa hiyo njia ya mfano ya milimita 45 inafaa kabisa, na vipimo vingine vyote gawanya hivyohivyo: gurudumu la milimita 900 linakuwa la 40.

Kichwa halisi cha dizeli-umeme kina injini inayozungusha jenereta, nayo inalisha mota zilizo kwenye ekseli (vyuma vinavyounganisha magurudumu). Katika mfano weka mota moja kwa kila bogi (fremu ya magurudumu inayogeuka chini ya kichwa), uziunge sambamba, kila moja ipate volti zote. Ukiziunga kwa mfululizo, moja baada ya nyingine, bogi ikiteleza mota yake inanyakua volti nyingi, ya pili inalegea, na treni inakwama mlimani.

Kazi ngumu ni bogi ya ekseli tatu. Ekseli ya kati iachie nafasi ya kusogea milimita 2 kila upande. Ikibanwa, magurudumu ya mbele yatapanda reli kwenye kona. Kona nayo isipungue nusukipenyo (rediasi) cha mita 1.2, na ikiwa kubwa zaidi ni bora. Uzito, kama kilo 3, ugawe sawa juu ya bogi zote mbili.

Bodi, yaani gamba la nje, ni rahisi: karatasi ya plastiki ya milimita 2.

Chumvi ya upepo wa bahari hufanya reli za shaba nyeusi kwa haraka na umeme wa kuendesha mfano haupiti. Futa kwa kitambaa chenye spiriti kabla ya kuendesha. Msasa mkali usiutumie, mikwaruzo yake hukusanya uchafu.